Wimbo Huu Unaitwaje, na Unaimbwa Lini?

Mama mmoja kijana alijifungua kabla ya siku zake katika wodi tuliyokuwa zamu. Mtoto wake alikuwa na kilo moja na nusu. Tulimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, tukawafunga pamoja kwa kanga kama tunavyofanya kwa watoto njiti. Hata hivyo hakutulia. Tukamwambia mama, "Mwimbie." Akatutazama kwa aibu, akajibu, "Sista, mimi sijui wimbo wa mtoto. Najua mapambio ya kanisani tu."

Tulimwambia aimbe pambio hilo hilo, ila polepole, kwa sauti ya chini na bila makofi. Haukupita muda mtoto akalala.

Akina mama wenzetu, jibu la binti yule limetukaa moyoni. Siku hizi tunasema "wimbo" tu, kana kwamba nyimbo zote ni moja. Wazee wetu hawakusema hivyo. Wa kumlaza mtoto waliuita bembelezi, au bembea. Wa kazi ni hodiya, wa mkulima shambani ni wawe, wa wavuvi na mabaharia ni kimai, wa jandoni ni nyiso, na wa msibani ni mbolezi. Ukisikia jina, ulijua nani anaimba, wapi na kwa mwendo gani.

Bembelezi tusiidharau. Mwaka 1963, Kenya ilipojiandaa kupata uhuru, kamati ya wanamuziki ilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa. Sauti waliyoichagua ilitokana na bembelezi ya Wapokomo, watu wa kando ya Mto Tana. Kwa hiyo wimbo ambao askari husimama wima kuuheshimu ulianzia mgongoni mwa mama aliyekuwa akimtuliza mwanawe. Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watoto njiti 272 katika hospitali 11 za Marekani. Ilionekana kwamba kuimbiwa bembelezi kwa sauti ya mtu aliye hapo hapo kulisaidia kutuliza mapigo ya moyo ya mtoto. Redio haiwezi kuchukua nafasi yako, mama. Sauti yako mtoto anaijua tangu tumboni.

Tukija kanisani, Mtume Paulo akiwaandikia Waefeso na Wakolosai anataja aina tatu: zaburi, nyimbo na tenzi. Zaburi zenyewe ni 150, na nyingi zina kichwa cha maneno kinachoeleza ni za namna gani. Kuanzia ya 120 hadi ya 134 zinaitwa nyimbo za kupanda mlima. Zipo za shukrani, zipo za toba, na zipo za mtu anayelia mbele za Mungu. Soma Zaburi ya 88 uone: inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani.

Tenzi tunazoimba zina beti kadhaa, na mara nyingi kiitikio. (Watoto wetu wa sekondari hutukosoa hapa, kwa kuwa katika ushairi utenzi ni shairi refu la kusimulia habari, lenye mishororo mifupi. Wana haki yao, nasi tuna yetu.) Pambio ni fupi: kiongozi anatoa, wote wanaitikia, na hurudiwa hata mara kumi kadiri watu wanavyoguswa. Ndiyo maana asiyejua kusoma hujiunga mara moja.

Kwaya kubwa zina maneno mengine. Kantata ni utungo wa vipande kadhaa, wa waimbaji na vyombo. Johann Sebastian Bach alipoanza kazi Leipzig mwaka 1723 alitunga kantata za ibada Jumapili baada ya Jumapili, na zilizobaki ni kama 200. Oratorio ni ndefu zaidi, inasimulia habari nzima, mara nyingi ya Biblia, bila kuigiza. "Haleluya" ambayo kwaya zetu huipenda imetoka katika oratorio ya Handel iitwayo Messiah, aliyoitunga mwaka 1741. Sisi wauguzi tunaipenda kwa sababu nyingine: ilipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, Aprili 1742, fedha zilizopatikana zilikwenda kwa wafungwa wa madeni na hospitali mbili za maskini. Baadaye Handel aliiimbisha London kuchangia nyumba ya watoto waliotupwa.

Kujua majina haya si mambo ya wasomi. Tuna sababu ya kusema hivyo, na hatuisemi kwa kujivuna.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu cha akina mama kilikwenda kumzika mtoto wa mwenzetu, wa miezi minne. Tulitaka kumtia moyo. Tukaimba mapambio ya ushindi, kwa makofi na vigelegele, tangu nyumbani hadi kaburini. Mama yule hakutoa chozi. Wiki iliyofuata tulipomtembelea alituuliza kwa upole, "Dada zangu, siku ile mlikuwa mnafurahia nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tumaini la ufufuo tunalo, lakini Daudi alipompoteza Yonathani alitunga maombolezo kwanza. Na Biblia ina kitabu kizima chenye jina hilo.

Tulirudi tena kwa mwenzetu, safari hii pamoja na bibi mmoja mzee wa kanisani kwetu. Bibi hakuuliza kitu. Alikaa mkekani, akamshika mama yule mkono, akaanza mbolezi ya kwao, ya sauti mbili tatu tu, akilitia jina la mtoto ndani yake. Sisi tuliitikia chini chini. Mara ya tatu jina lilipotajwa, mama akalia, na akalia kwa muda mrefu. Kisha akainuka mwenyewe kwenda kutubandikia chai.

Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda msibani tunakutana na bibi huyo kujifunza. Ameshatufundisha mbolezi nne. Juma lililopita alituuliza kama tunataka na bembelezi, nasi tukamwita yule binti wa wodini aje na mtoto wake.