Somo la Kwanza ni Kusimama

Mwanafunzi anayefika Chenjiagou akitarajia kufundishwa ngumi na mateke huenda akavunjika moyo mapema. Kijiji hicho kimo katika wilaya ya Wen, jimbo la Henan, nchini China, nacho hutambuliwa kuwa chimbuko la taichi, sanaa ya kujihami ambayo leo huchezwa na wazee katika bustani za miji mingi duniani. Katika shule za kijiji hicho, mgeni huagizwa kwanza asimame: miguu ipanuliwe kwa upana wa mabega, magoti yalegezwe, mgongo unyooke, na mikono iinuliwe mbele ya kifua kana kwamba imekumbatia mtungi. Kisha huachwa hapo. Baada ya dakika chache mapaja huanza kutetemeka, mabega hupanda bila kukusudia, na pumzi hukatika. Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba hajawahi kujifunza kusimama.

Zoezi hilo huitwa kusimama kama nguzo. Katika shule za Shaolin zilizoko Dengfeng, katika jimbo hilohilo, lipo zoezi linalokaribiana nalo liitwalo mabu, yaani mkao wa mpanda farasi, ambalo hushusha mapaja chini zaidi. Mitindo ya sanaa hizi hutofautiana kwa mengi, ila katika jambo hili mabingwa wake wanakubaliana: mkono hauwezi kuwa na nguvu ikiwa mguu hauna pa kushika.

Mafunzo hayo hayakubuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Mapokeo ya Chenjiagou humtaja Chen Wangting, askari wa karne ya 17, kuwa mwasisi wa mtindo wa ukoo wake. Katika karne ya 19, Yang Luchan, ambaye hakuwa wa ukoo huo, alijifunza kijijini hapo na baadaye akafundisha Beijing. Mtindo uliotokana naye ndio ulioenea zaidi. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China iliufupisha kuwa mfululizo wa mikao 24, ili mtu wa kawaida aweze kuumudu. Hivyo sanaa ya vita ikawa mazoezi ya umma.

Hata hivyo, shule za jadi hazijasahau asili yake. Baada ya kusimama, mwanafunzi hufundishwa kuzungusha kiuno na mikono polepole, kwa mfano wa mtu anayevuta uzi wa hariri usikatike. Hufuata mfululizo wa mikao, unaorudiwa kwa miezi na miaka. Kisha huja zoezi la kusukumana: watu wawili hugusana mikono, kila mmoja akitafuta mahali ambapo mwenzake amepoteza mizani. Anayekakamaa hung'olewa kwa urahisi. Anayelegea kupita kiasi huporomoka. Anayebaki wima ndiye aliyejua, kwa nyayo zake, uzito wake uko wapi.

Swali hilo la uzito uko wapi ndilo linaloikutanisha shule ya mapigano na wodi ya mifupa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mzee aliyevunjika nyonga huweza kupoteza uwezo wa kutembea, na hata aliyenusurika bila jeraha mara nyingi huanza kuogopa kutembea. Hofu humkalisha, kukaa hudhoofisha misuli, na udhaifu huo huleta anguko jingine.

Mafunzo ya kusimama huukata mzunguko huo kwa njia inayoeleweka. Magoti yaliyokunjwa kidogo huipa kazi misuli ya mapaja na makalio, ileile inayomwinua mtu kutoka kitini. Kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine huvizoeza vifundo na nyonga kurekebisha mwili kabla haujapita mpaka wake. Mwendo wa taratibu pia huzuia udanganyifu: anayepiga hatua haraka husaidiwa na kasi yake, lakini anayeipiga polepole hana budi kuubeba uzito wake kwa mguu mmoja.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 mtafiti Fuzhong Li na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: taichi, mazoezi ya kuimarisha misuli, na ya kunyoosha viungo. Walifanya mazoezi kwa saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Kundi la taichi liliyashinda mengine mawili katika uthabiti wa kusimama. Nalo lilianguka mara chache kuliko kundi la kunyoosha viungo, ingawa si kuliko la kuimarisha misuli. Mwaka 2018 Li na wenzake walichapisha utafiti mwingine, wa watu 670 wenye umri wa miaka 70 au zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Mazoezi yaliyotokana na taichi yalipunguza maanguko kwa asilimia 58 yakilinganishwa na kunyoosha viungo, na kwa asilimia 31 yakilinganishwa na mchanganyiko wa mazoezi mengine.

Matokeo hayo yasitiwe chumvi. Taichi haiponyi Parkinson, wala haichukui nafasi ya dawa za ugonjwa huo, za shinikizo la damu au za kisukari. Mikao ya chini inayomfaa kijana wa Dengfeng inaweza kumwumiza mwenye magoti yaliyochakaa. Kwake, kukunja goti kidogo tu kunatosha, na goti lielekee kule vinakoelekea vidole vya mguu. Pumzi isizuiwe. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo avae viatu na akaguliwe miguu kabla na baada ya mazoezi. Anayepata kizunguzungu au aliyeanguka karibuni achunguzwe kwanza.

Kwa mhudumu wa afya, mwanzo hauhitaji vifaa wala sare. Unahitaji kiti imara au ukuta wa kushika, mtu wa kusimama karibu, na swali ambalo husahaulika kliniki: je, umeanguka mwaka huu? Mgonjwa aanze kwa kusimama, kisha ahamishe uzito upande mmoja na mwingine huku akishika kiti, na baadaye ainue kisigino kimoja. Katika tafiti zote mbili faida ilipimwa baada ya miezi, si siku. Hilo lisingemshangaza mwalimu wa Chenjiagou, ambaye humrudisha hata mwanafunzi wa miaka mingi kwenye somo lilelile: miguu ipanuliwe, magoti yalegezwe, mgongo unyooke.