Yungiyungi lililoota katika damu: Jazanda isiyo na jibu moja

WANAFUNZI wengi hufunzwa jazanda kana kwamba ni hesabu: njiwa ni amani, nyoka ni hila, basi, umepata alama zako. Leo ningependa tutazame mchoro unaoikataa hesabu hiyo.

Mnamo 1893, Mwingereza Aubrey Beardsley, aliyekuwa ametoka juzi tu katika ukarani wa ofisi ya bima, alichora kwa wino tukio kutoka tamthilia ya Oscar Wilde, Salome. Salome anaelea hewani, amekishika kwa mikono miwili kichwa cha Yohana Mbatizaji kilichokatwa, nyuso zao zimekaribiana. Damu inachuruzika hadi kwenye dimbwi jeusi. Na humo dimbwini mmeota yungiyungi.

Katika sanaa ya Kikristo ya Ulaya, yungiyungi jeupe ni usafi wa Bikira Maria; malaika Gabrieli huchorwa amelishika. Hapa limenyweshwa damu ya nabii. Je, ni utakatifu wa Yohana unaochipuka upya, au ni tamaa ya Salome iliyojivika weupe? Mimi naona mchoro unabeba maana zote mbili, na ukichagua moja tu umeuua. Wafuasi wa taashira, ambao msimamo wao ulitangazwa na Jean Moréas jijini Paris mwaka 1886, walitaka hivyo hasa: kudokeza, si kutaja.

Beardsley aliuchora upya kwa ajili ya kitabu cha Kiingereza cha 1894. Mchoro wa awali ulikuwa na mistari myembamba kama nywele, pamoja na maneno ya Kifaransa ya Salome kwamba amekibusu kinywa cha Yohana. Mara hii maneno akayaondoa, mistari akaipunguza, akaacha weusi tititi na weupe pepepe. Uchapishaji wa bamba aliouchorea haukujua kijivu: ama wino upo, ama haupo. Kizuizi hicho akakigeuza mtindo. Alifariki 1898 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25 tu.

Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza: sasa mtihani utasahihishwaje, kama kila mtu ana maana yake? Swali la haki kabisa. Lakini sikusema kila maana inafaa. Anayedai kwamba ua lile ni usafi na aonyeshe dimbwi linasemaje. Anayedai ni tamaa naye aueleze weupe wake. Hapo mpe alama. Aliyeandika "ua ni upendo" akaenda zake, huyo hata mchoro hakuutazama.