Istilahi za Usonji na Lugha ya Wazazi

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri kwa wingi siku hizi ni yale yanayohusu watoto wenye usonji: taarifa za hospitali, miongozo ya walimu, fomu za ustawi wa jamii, na maandishi ya wazazi wenyewe wanaoelezana namna ya kuwalea watoto hao. Aina tatu za kwanza zina lugha ya kitaalamu, na mfasiri huziendea kwa tahadhari, kamusi mkononi. Aina ya nne huonekana nyepesi kwa kuwa ni mazungumzo ya watu wa kawaida: huyu anauliza, yule anajibu, wa tatu anatia utani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hiyo ya nne ndiyo ngumu zaidi, na kwamba ndiyo inayoweza kutufunza jinsi ya kuchagua istilahi zitakazowafaa watumiaji.

1. Jina la hali yenyewe

Neno la kitaalamu linalotumiwa katika lugha nyingi za Ulaya lilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "nafsi yenyewe". Bleuler alikuwa akieleza jambo jingine, yaani dalili mojawapo ya wagonjwa wa akili waliokwisha kuwa watu wazima. Mwaka 1943 Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alilichukua neno hilo ili kueleza hali ya watoto 11 aliowachunguza. Mwaka uliofuata Hans Asperger naye alilitumia huko Vienna. Hivyo basi jina lilihama kutoka kwenye maradhi ya watu wazima hadi kwenye hali ambayo mtoto huzaliwa nayo, bali harufu ya maradhi haikulitoka upesi.

Katika Kiswahili yako maneno mawili. La kwanza ni usonji, ambalo limeenea sana, hasa Tanzania. La pili ni tawahudi, linalotokana na Kiarabu, ambamo shina lake ni lile lile la wahedi, lenye maana ya umoja au kuwa peke yake. Msomaji ataona kwamba tawahudi limefuata wazo la Bleuler la mtu aliyejitenga, na hapo ndipo penye upungufu wake, kwani watoto wengi wenye hali hii hupenda sana kuwa na watu, ila njia zao za kuwakaribia si zile tulizozizoea. Usonji halimwelekezi msemaji wa kawaida kwenye maana nyingine yoyote, na katika istilahi upungufu wa maana za kando mara nyingi ni faida. Isitoshe, limekaa katika ngeli ya hali, pamoja na utoto, uziwi na upole, na wala halimlazimishi msemaji kulitanguliza kwa neno "ugonjwa".

Ama kuhusu mtu mwenyewe, tunakuta "mgonjwa wa usonji", "anayeugua usonji" na "mwenye usonji". Mawili ya kwanza hayafai, kwa sababu mgonjwa hutarajiwa kupona au kufa, na usonji hauna mojawapo ya miisho hiyo. Katika Kiingereza kuna mabishano makali: wako wanaotaka mtu atajwe kwanza na hali ifuate, na wako watu wazima wenye usonji wanaotaka hali hiyo iwe sifa yao, kwa kuwa hawaioni kama mzigo walioubeba. Mfasiri asiyahamishe mabishano hayo kama yalivyo, maana muundo wetu wa -enye unazipatanisha pande zote mbili. Mwenye nyumba anaweza kuiuza nyumba yake. Mwenye busara hawezi kuivua busara yake. Neno ni moja, na linabeba umiliki na sifa pia.

2. Madhara ya jina baya

Mtu akiuliza kwa nini tuhangaike hivyo juu ya neno moja, jibu limo katika historia ya wazazi wa watoto hawa. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 1943 baadhi ya wataalamu walidai kwamba usonji husababishwa na mama asiyempenda mwanawe, na wakampa mama huyo jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "mama jokofu". Kitabu cha Bruno Bettelheim kilichotolewa mwaka 1967 kiliieneza sana dhana hiyo. Jina hilo halikuwa na ushahidi, lakini lilikuwa fupi, lilikumbukwa kwa urahisi, na lilifanya kazi. Mama aliyekuja kuomba msaada aliondoka akiwa mshitakiwa.

Waliolipinga kwa nguvu zaidi ni wazazi wenyewe. Mwaka 1962 wazazi wa Uingereza waliunda chama chao, na mwaka 1965 chama hicho kilifungua shule mjini London. Katika mwaka huo huo wa 1965 wazazi wa Marekani nao waliunda chama, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1964 kilikuwa kimeeleza kwamba asili ya hali hii imo katika maumbile ya mwili. Kanner mwenyewe, mbele ya mkutano wa wazazi hao mwaka 1969, aliwaondolea wazazi lawama. Huko Uingereza Lorna Wing, daktari na mama wa binti mwenye usonji, alishirikiana na Judith Gould katika utafiti uliotolewa mwaka 1979, na kazi yake ndiyo iliyoleta wazo kwamba usonji una sura nyingi zinazokaa katika wigo mmoja.

Neno wigo limefaa kwa kazi hiyo. Maana yake ya asili ni ua au boma, na ndani ya boma moja hukaa wanyama wa kila namna bila kupangwa mstari. Walimu wengi hudhani kwamba wigo ni ngazi, kwamba yuko mtoto wa daraja la chini na wa daraja la juu. Sivyo. Mtoto asiyesema hata neno moja aweza kuwa mtulivu sokoni, na yule anayesoma magazeti akiwa na miaka minne aweza kushindwa kabisa kuvumilia kelele za kengele ya shule.

3. Maneno ya tabia

Tuangalie sasa dhana nne ambazo wazazi huzitaja karibu kila wanapokutana, iwe katika foleni ya kliniki, langoni mwa shule au kwenye simu.

(a) Mwangwi wa maneno. Hapa mtoto hurudia aliyoyasikia, papo hapo au baada ya siku nyingi. Mzazi akiuliza, "Unataka maji?" mtoto hujibu, "Unataka maji," naye ana kiu kweli. Maandishi ya Kiingereza hueleza jambo hili kuwa ni kubadilisha viwakilishi. Mwalimu akitafsiriwa hivyo atasikiliza "mimi" na "wewe", maneno ambayo katika Kiswahili mara nyingi hatuyatamki, naye atasema kwamba tatizo hilo halipo. Katika lugha yetu jambo lenyewe limo katika kiambishi cha kitenzi, yaani u- mahali pa ni-. Kwa hiyo tuseme kubadilisha nafsi.

(b) Kulemewa. Mtoto aliyejaa kelele, mwanga na msongamano kuliko anavyoweza kustahimili hupiga mayowe, hujiangusha chini, au hunyamaza kimya asiitike. Kiingereza hutumia neno la kuyeyuka. Tukilifuata tutapotosha, kwani kwetu mtu aliyeyeyuka ni mtu aliyetoweka. "Kuzidiwa" nalo lina hatari yake, kwa sababu anayeambiwa kwamba mtoto amezidiwa ataita gari la wagonjwa. Kulemewa lasema kwamba upo mzigo, na kwamba mzigo ukipunguzwa mtoto atatulia. Aidha linatofautisha hali hii na deko au ukaidi, ambapo mtoto analilia kitu na hunyamaza akipewa.

(c) Miondoko ya kurudiarudia. Hii ni kupunga mikono, kuyumbayumba, kuzungusha kitu machoni. Tafsiri ya neno kwa neno huleta "kujichochea" au "kujisisimua", na yote mawili humletea msikilizaji picha isiyostahili. Wengine wamependekeza "kujituliza", lakini wazazi wanajua kwamba mtoto hupunga mikono akiwa na furaha pia. Jina linaloeleza kinachoonekana, bila kukisia sababu yake, ndilo salama.

(d) Mafunzo na mazoezi. Kiingereza kina neno moja la jumla kwa kazi ya mtaalamu wa usemi, wa viungo na wa tabia, na wafasiri hulipa tafsiri ya "tiba". Hapa kosa la tafsiri lina gharama ya fedha. Hakuna dawa inayouondoa usonji. Mzazi aliyesoma kwamba tiba ipo anaweza kuuza ng'ombe au shamba ili kuifuata, na wauzaji wa dawa za uongo wanalijua hilo. Tunasema mafunzo ya usemi na mazoezi ya viungo. Tiba tuiache kwa maradhi yanayotibika, kama kifafa, ambacho huwapata baadhi ya watoto hawa.

4. Kusaidiana, nasaha na utani

Inabaki lugha ya wazazi wanapozungumza wao kwa wao. Kiingereza huwa na neno moja kwa msaada wa kila namna, na vikundi vya wazazi huitwa kwa neno hilo. Mtumishi wa serikali akiletewa barua ya "kikundi cha msaada", atafikiri kwamba kikundi hicho kinagawa chakula au kinaomba ruzuku. Kiambishi -na- ndicho kinachokosekana. Hicho ni kikundi cha kusaidiana, au, kwa neno zuri zaidi, kikundi cha kufaana, kama wasemavyo wahenga kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mzazi wa leo anayepokea ndiye wa kesho anayetoa.

Vivyo hivyo kuhusu mashauri yao. "Ushauri" ni wa mtaalamu, na "nasaha" kwa kawaida hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Wazazi hawa hufanya jambo la tatu: hupeana uzoefu. Mmoja husema kwamba alikata lebo za mashati yote na mtoto akakubali kuvaa. Mwingine kwamba alichora picha za kazi za asubuhi, kuanzia mswaki hadi viatu, akazipanga ukutani. Hakuna anayeamriwa. Mfasiri akitumia "inakupasa" na "lazima", amegeuza mazungumzo kuwa amri.

Tukija kwenye vichekesho, kazi huwa ngumu zaidi. Watoto wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyo, na wazazi hucheka kwa hayo. Mifano ya Kiingereza haitafsiriki, lakini Kiswahili kina hazina yake. Fikiria mtoto aliyeambiwa apige simu, akaichapa kofi; au aliyeambiwa ashike adabu yake, akatazama mikono yake yote miwili kisha akauliza iko wapi. Kichekesho cha namna hiyo kinamfunza mwalimu kwa kadiri ileile kinavyomchekesha: ajue kwamba mtoto aliyemwona mkaidi ametii amri kikamilifu.

Je, kicheko hicho tukiite nini? Dhihaka hushusha, kejeli huchoma, mzaha huweza kufanywa na yeyote kwa yeyote. Jina linalokaribia zaidi ni utani, kwa maana yake kamili inayojulikana Tanzania. Mtani huja msibani, hufanya mzaha ambao jirani angefukuzwa kwa kuufanya, kisha hushika kazi za mazishi. Ruhusa yake ya kucheka inatokana na wajibu wake wa kusaidia. Ndivyo walivyo wazazi hawa: aliyekesha na mtoto asiyelala anaweza kumtania mwenzake aliyekesha vilevile. Maneno hayohayo yakitoka kwa mpita njia ni matusi. Kwa hiyo mfasiri anayehamisha kichekesho cha mzazi hadi kwenye kijitabu cha umma hana budi kuonyesha ni nani anayesema, la sivyo atakuwa ameutoa utani mikononi mwa watani.

5. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kipimo rahisi kwa kila istilahi itakayopendekezwa katika uwanja huu. Kwanza, je, mama anaweza kulitumia neno hilo kumweleza jirani bila kuongeza ufafanuzi mrefu? Pili, je, mwalimu akilisikia atajua la kufanya? Tatu, je, linaweza kutamkwa mbele ya mtoto mwenyewe bila kumvunjia heshima? Watoto wengi wasiosema husikia na kuelewa, na baadhi yao, wakipata njia ya kuandika au kuonyesha picha, hutueleza waliyoyasikia.

Tangu mwaka 2008, tarehe 2 Aprili imekuwa siku ya kimataifa ya kukumbuka jambo hili, kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007, na kila mwaka hotuba nyingi huandikwa kwa Kiswahili. Wanaoziandaa wangefanya vyema kuwapa wazazi wawili watatu waisome rasimu kabla haijapelekwa kwa mgeni rasmi. Kadhalika, wafasiri, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii wanaosikia maneno mengine yakitumiwa na wazazi katika sehemu zao wanaombwa kuyaandika, pamoja na sentensi yalimotumiwa, na kuyaleta ili yajadiliwe.