Mtoto wa Mama Fulani

Muulize Mnairobi mila zake ziko wapi, atakuelekeza ushago. Huko ndiko kuna tohara, mahari na makaburi ya wazee. Mjini, atakwambia, kila mtu na mlango wake. Huyo labda hakulelewa mitaa ya Eastlands, au bado hajagongana ghafla na jirani wa utotoni. Mkutano wa aina hiyo una taratibu zake, na asiyezifuata huonekana amekosa malezi, kama mtu aliyejikalia kwenye kiti cha baba mkwe.

Kwanza kabisa, jina la kwenye kitambulisho halina kazi. Nilikuwa kwenye foleni ya benki katikati ya jiji, tai shingoni, niliposikia sauti ya mama nyuma yangu: "Maziwa! Si wewe ni Maziwa?" Foleni nzima ikageuka. Jina hilo nililipata shule ya msingi, enzi za maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu ambayo serikali ya Moi ilianza kuwagawia wanafunzi mwaka 1979. Pakiti yangu ilipasukia ndani ya mkoba, vitabu vikanuka juma zima, na watoto wa mtaa wakapitisha uamuzi usio na rufaa. Yule mama alikuwa akiuza mandazi mlangoni pake kule mtaani Jericho. Jina lake halisi silijui hata leo. Ni Mama Shiru, kwa jina la kifungua mimba wake, na kumwita vinginevyo ingekuwa ujeuri.

Halafu huja maswali, nayo yana mpangilio. Kazi yako huulizwa mwisho, ikiulizwa. Cha kwanza ni nyumba: "Nyinyi mlikuwa namba ngapi vile? Ile ya karibu na bomba?" Akishakuweka mlangoni kwenu ndipo anakuja kwa wazazi, na hapa watu huzunguka kidogo. Hakuna anayeuliza kama mzee angali hai. Huuliza tu, "Na baba?", kisha hunyamaza, ili mwenye msiba aseme mwenyewe. Nilimjibu kuwa baba alishatuacha. Mama Shiru alifungua kibeti, akatoa noti ya shilingi mia mbili na kunisukumia kiganjani. "Sikuja kuzika. Mpelekee mama sukari." Mimi ndiye niliyevaa tai, yeye alikuwa na ndara. Lakini rambirambi iliyochelewa haikataliwi, na anayeikataa amekataa ujirani wenyewe.

Kabila hakuuliza. Angeuliza la nini, na alikuwa akisikia kila jioni tukigombezwa kwa lugha gani?

Mambo haya yana mizizi mirefu kuliko watu wanavyodhani. Pumwani ilianza miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakitumiwa kama vibarua, na Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za watu wa reli. Majina mengine ya mitaa ni ya marehemu: Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, Ambrose Ofafa mwaka 1953, wote wawili wakiwa watu wa siasa za jiji. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza walianzisha Operesheni Anvil, wakawasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa hii, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kizuizini. Kutawanywa na kutafutana upya si jambo la kizazi changu, basi.

Nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilikuwa za kupanga, lakini familia nyingi zilizishika kama urithi. Baba akistaafu na kurudi ushago, mwana anaendelea kulipa kodi, mjukuu anazaliwa chumba kile kile. Penye bomba la pamoja na vyoo vya pamoja, mtoto alikuwa wa ploti nzima, na mama yeyote angeweza kukuchapa kisha akakushtaki kwenu ukachapwa tena. Kwa hiyo mkikutana baada ya miaka ishirini, rika halijafutwa. Waliokufundisha kucheza bano wanabaki wakubwa wako, hata kama leo mmoja wao ni utingo na wewe unaendesha gari kubwa.

Utaliona hilo kila mwisho wa mwaka uwanja wa Umeme, Ziwani, kwenye mashindano ya kandanda ya Koth Biro. Waliohamia Utawala, Ruai na Kitengela hurudi na kusimama kando ya uwanja na watu wao wa zamani. Mwenye nacho anatarajiwa "kuacha kitu": soda, nyama, nauli ya mtu. Nisiipambe desturi hii. Wapo wanaoitumia vibaya, wanaokukumbuka kwa jina na namba ya nyumba kwa sababu wana kiu ya chang'aa tu. Wapo pia wanaopita na vioo vimepandishwa kwa kuogopa kuombwa. Hao husemwa kwa miaka.

Sasa mitaa yenyewe inaondoka. Pangani, familia 48 zilipisha maghorofa kwa ahadi ya kupewa nyumba za kwanza. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Makongeni. Wakaazi wakafungasha, matingatinga yakaingia. Kinachowakutanisha wengi siku hizi ni matanga. Mtu mmoja anamwongeza mwingine kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya siku mbili unapata sauti za watu ambao ulidhani walikufa. Mikutano hufanywa ukumbini au chini ya hema, jioni baada ya kazi, na bajeti huanza na basi la kusafirisha mwili.

Michango hupitia M-Pesa, na hapo ndipo mwekahazina huchanganyikiwa. Ujumbe unamletea majina rasmi ya mtu ambaye amecheza naye kalongo utotoni miaka saba, naye hamjui ni nani. Katika matanga ya karibuni alisoma orodha kwa sauti, akakwama kwenye jina la nne, akauliza, "Huyu naye ni wa nani?" Kesho yake tangazo likabandikwa kundini: kila anayetuma pesa aandike jina la mtaani, mama yake ni mama nani, na namba ya nyumba, hata kama nyumba ilishabomolewa.