Picha Zinazodai Majina

Mwaka mzima wa kusafiri na kamera umeniachia picha tele na swali moja: niandike nini chini yake? Heroe wa Ziwa Nakuru hawakunisumbua. Taabu ilianzia Hori ya Mida, karibu na Watamu. Wanafunzi wetu wakionyeshwa picha za huko hujibu kwa neno moja tu: mikoko. Ndivyo jina la mti mmoja lilivyomeza ukoo mzima, ilhali Kenya ina aina 9 za miti hiyo. (Wanaisimu tuna istilahi ndefu ya jambo hili, nitawaepusha nayo.)

Hebu tazama. Mkoko halisi husimama juu ya mizizi iliyopindana kama miguu ya buibui. Mizizi ya mchu huchomoza topeni wima mithili ya penseli. Mlilana ndio unaotangulia majini. Wavuvi na maseremala huitofautisha bila taabu, kwani boriti ya nyumba hutoka kwenye mkoko, nayo mataruma ya jahazi kwenye mlilana.

Walimu wenzangu, tunahubiri uhifadhi wa msitu tusioweza kuutaja. Picha zipo. Tuwaalike wavuvi darasani, majina yaandikwe nyuma yake.