Mvua ya Wiki Moja Ndani ya Baiti 2,048

Kasiteriti ya Bisie, huko Walikale, na koltani ya Rubaya, huko Masisi, katika milima ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, husafiri mbali kabla ya kuingia katika vifaa vya elektroniki, ambamo bati la kasiteriti hulehemu miguu ya vipande vidogo juu ya bodi, na tantalamu ya koltani hutengenezewa kapasita, yaani vipande vinavyoshika chaji ya umeme kwa muda. Ni haki kijana wa milima hiyo ajue pia namna ya kuiamrisha bodi inaporudi mikononi mwake.

Arduino Uno R3, bodi ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, huendeshwa na ATmega328P, maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja. Kumbukumbu yake ya flashi, yenye baiti 32,768, hutunza programu hata umeme ukikatika, ilhali kumbukumbu ya kazi, inayoshika mambo yanayobadilikabadilika programu inapoendelea, ina baiti 2,048 tu. Hii ya pili ikijaa, chipu hailalamiki: hutoa herufi zisizosomeka au hujiwasha upya, na anayeanza huhangaika na nyaya zisizo na kosa.

Katika miteremko ya Masisi, ambako mvua kubwa huporomosha udongo juu ya nyumba za watu, kipimamvua ni kifaa cha maana. Kikiandika kiasi cha mvua kila baada ya dakika 10, kwa wiki moja hupatikana vipimo 1,008. Vikihifadhiwa kwa aina ya float, yaani namba zenye desimali, ambazo kila moja hula baiti 4, vitahitaji baiti 4,032, takriban mara mbili ya nafasi yote iliyopo. Kwa aina ya int, yaani namba nzima, ya baiti 2, zitabaki baiti 32, ambazo hazitoshi kitu. Dawa ni kutohifadhi milimita kabisa. Kikombe cha kipimamvua kikipinduka kila milimita 0.2, yatosha kuhesabu vipinduko, kwa kuwa aina ya byte, ya baiti 1, hufika 255, ambavyo ni milimita 51 kwa dakika 10, mvua isiyoonekana ila kwa nadra sana. Kuzidisha kwa 0.2 kutafanywa wakati wa kuonyesha tu, na wiki nzima itakaa katika baiti 1,008.

Maneno nayo hula nafasi kimyakimya. Ujumbe «Mvua ya dakika kumi zilizopita» hunakiliwa kutoka flashi hadi kumbukumbu ya kazi mara bodi inapowashwa, ukachukua baiti 31, pamoja na moja ya kufungia. Ukizungushiwa F() katika amri ya kuchapisha, hubaki kwenye flashi.

Baada ya kutafsiri programu kwa lugha ya chipu, kompyuta huonyesha baiti zilizokwisha kushikwa, lakini hesabu hiyo haigusi zile zinazoazimwa kwa muda programu inapotembea. Kwa sababu hiyo programu ya Arduino iliyo kwenye kompyuta hutoa onyo hesabu ipitapo asilimia 75, yaani baiti 1,536, na vipimo vya kipimamvua hiki pekee vinaacha baiti 528 kabla ya kufika hapo.