Gunia Moja, Bei Mbili

Mkulima wa Bungoma anayeuza gunia la mahindi mwezi Oktoba, kisha Mei akarudi sokoni kununua mahindi kwa gorogoro na kwa bei iliyopanda, huambiwa hajui biashara. Anaonewa. Bei anaijua, maana ameiona ikipanda mwaka baada ya mwaka. Kinachomwangusha ni kalenda: mavuno yanapoingia ndipo madeni nayo yanapodaiwa, na karo ya Januari haisubiri bei ya Juni. Wachumi Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walilipima jambo hili huko huko magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno, na magunia waliyohifadhi nyumbani yakatiwa alama kuwa dhamana. Hawakuongezewa shamba. Waliuza kidogo bei ilipokuwa chini na zaidi ilipopanda, na faida ya fedha hizo ikakadiriwa kuwa asilimia 29. Linalonivutia zaidi ni kwamba mkopo wa Oktoba uliwafaa kuliko ule ambao wengine walipewa Januari. Pesa ikichelewa, hukuta gunia limekwisha kuuzwa.

Wapo watakaosema kuhifadhi ni kumlisha dumuzi. Ni kweli kwa gunia la kawaida, ambalo mdudu huyo huligeuza unga mtupu. Lakini mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ukifungwa barabara na nafaka ikiwa imekauka, huzuia hewa mpya, oksijeni iliyo ndani ikaisha na wadudu wakafa bila dawa. Pingamizi zito zaidi ni hili: wote wakihifadhi, faida itatoka wapi? Itapungua, na utafiti wenyewe ulionyesha hivyo, kwani pale waliokopeshwa walipokuwa wengi, pengo la bei kati ya mavuno na msimu wa njaa lilipungua. Sioni hasara hapo. Jirani asiye na akiba naye hununua unga kwa nafuu. Upo pia mwaka ambao bei haipandi, pengine kwa sababu mahindi ya nje yameingia, na mwaka huo aliyehifadhi ataumia. Hatari hiyo haina dawa ya mfuko.

Ila kumdai mkulima mkopo wote wa mbegu na mbolea mwezi wa mavuno ni kumchagulia siku ya kuuza, tena siku mbaya kuliko zote. Wakopeshaji, isogezeni tarehe hiyo.